Mali kauli ya Miami: dola tano, suti moja na yale tusiyoambiwa

Semina za ujasiriamali zina hadithi moja isiyochuja. Mtu kafika ugenini mfukoni hana kitu, kalala chini, kaosha vyombo hotelini, na baada ya miaka kumi anamiliki mtaa mzima. Msemaji akimaliza anakukazia macho na kukwambia kwamba mtaji si fedha, mtaji ni wewe mwenyewe. Ukumbi unapiga makofi. Kijana mwenye digrii yake anarudi nyumbani ametiwa moyo, ila bahasha ya vyeti ni ile ile na mtaji bado hana.

Mimi sina ugomvi na hadithi hizo. Ugomvi wangu ni kwamba huwa zinakatwa katikati. Kwa hiyo leo nataka tuichukue moja ambayo ni ya kweli kabisa, yenye tarehe na majina, tuisome mpaka mwisho. Nazungumzia Wakuba wa Miami, jimbo la Florida, Marekani.

Kwanza tuelewe ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka 1960 kaunti ya Dade, ambako ndiko uliko mji wa Miami, ilikuwa na watu wapatao 935,000. Kazi yake kubwa ilikuwa utalii. Watu wa majimbo ya kaskazini walishuka huko kukwepa baridi, wakaota jua, wakarudi makwao. Walatino, yaani watu wenye asili ya nchi za Amerika zinazoongea Kihispania, walikuwa wachache mno. Sensa ya mwaka 2020 ilikuta kaunti hiyo hiyo ina watu milioni 2.7, na karibu saba katika kila kumi ni Walatino. Na hawakuongezeka kwa idadi tu. Wamekuwa wenye benki, wakandarasi, madaktari, mawakili, wakuu wa vyuo na mameya. Mwaka 1967 biashara zilizomilikiwa na Wakuba katika kaunti hiyo zilihesabiwa 919. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 zilikuwa zinakaribia 8,000. Mara nane na ushee ndani ya miaka kumi. Hii si hadithi ya semina tena, huu ni uchumi mzima kugeuka sura.

Ilianzaje? Tarehe 1 Januari 1959 dikteta Fulgencio Batista aliikimbia Kuba na wanamapinduzi wa Fidel Castro wakachukua nchi. Wa kwanza kuondoka walikuwa watu wa Batista mwenyewe, hilo halishangazi. Lakini mwaka 1960 serikali mpya ilipotaifisha viwanda, mashamba makubwa, benki na makampuni ya Kimarekani, waliofuata walikuwa watu wa aina nyingine: mameneja, wahasibu, wahandisi, wenye maduka, mawakili, walimu. Inakadiriwa kwamba Kuba ilikuwa na madaktari wapatao 6,000, na karibu nusu yao waliondoka katika miaka michache ya mwanzo. Mpaka safari za ndege ziliposimamishwa Oktoba 1962, wakati wa ule mgogoro wa makombora, watu zaidi ya 200,000 walikuwa wameshavuka kwenda Marekani. Kuna wazazi waliotanguliza watoto peke yao. Kati ya mwaka 1960 na 1962 watoto zaidi ya 14,000 walisafirishwa bila mzazi, katika mpango ulioitwa Pedro Pan.

Mtu alikuwa anaruhusiwa kutoka na sanduku moja la nguo na, kuanzia mwaka 1961, dola tano. Nyumba, gari na akaunti ya benki vilibaki kwa serikali. Wakifika Miami, vyeti vyao havikuwa na kazi. Wakili wa Havana alisomea sheria zenye asili ya Kihispania, ambazo katika mahakama za Florida hazikumsaidia. Daktari hakuruhusiwa kumgusa mgonjwa mpaka afaulu mitihani ya Kimarekani, tena kwa Kiingereza. Kwa hiyo ukawakuta wasomi hao wanaegesha magari ya watalii, wanasafisha vyoo vya hoteli, wanachuma nyanya mashambani. Jorge Mas Canosa, ambaye baadaye alikuja kuwa tajiri na kiongozi mkubwa wa kisiasa wa Wakuba wa ughaibuni, alipitia kazi za bandarini, kuuza viatu na kusambaza maziwa.

Hapo ndipo msemaji wa semina huruka moja kwa moja mpaka kwenye utajiri. Sisi tusiruke.

Jambo la kwanza linalorukwa ni serikali. Wakimbizi wale walipokelewa na dola kubwa kuliko zote duniani, katikati ya Vita Baridi, na kila daktari aliyeikimbia Havana alikuwa tangazo la bure dhidi ya ukomunisti. Februari 1961 Rais John F. Kennedy alianzisha Mpango wa Wakimbizi wa Kuba. Kuanzia mwaka 1962 makao yake yalikuwa kwenye jengo la zamani la gazeti la Miami News, katikati ya mji, ambalo watu walilibatiza Mnara wa Uhuru. Humo mkimbizi alisajiliwa, akapimwa afya, akapewa chakula cha msaada na posho ya kila mwezi. Wanafunzi walipata mikopo ya elimu ya juu. Chuo Kikuu cha Miami kilianzisha masomo maalumu ya kuwaandaa madaktari wa Kuba kwa mitihani yao. Chuo cha umma cha Miami-Dade, kilichofunguliwa mwaka 1960, kikawa ngazi ya maelfu ya watoto wa wakimbizi. Mmoja wao, Eduardo Padrón, aliyefika kijana wa miaka 15 kupitia Pedro Pan, alisoma hapo na baadaye akakiongoza kuanzia mwaka 1995 hadi 2019.

Hapo sijaitaja CIA. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 shirika hilo lilikuwa na kituo kikubwa Miami kilichoitwa JMWAVE, na Wakuba wengi walikuwa wanalipwa nacho kwa shughuli za siri dhidi ya Castro. Siasa zake tuziweke pembeni. Kiuchumi, hiyo ilikuwa mishahara inayoingia mtaani kila mwezi.

Halafu mwaka 1966 Bunge la Marekani likapitisha sheria maalumu iliyowaruhusu Wakuba waliofika tangu Januari 1959 kuomba ukaazi wa kudumu. Hili linaweza kuonekana jambo dogo la makaratasi, lakini leseni nyingi za kitaaluma wakati ule zilitaka uwe mkaazi au raia. Bila karatasi ile daktari angebaki mlinzi wa usiku hata kama amefaulu mitihani yote. Kwa jumla, kufikia katikati ya miaka ya 1970 serikali ya Marekani ilikuwa imetumia karibu dola bilioni moja kwa wakimbizi hao. Dola bilioni moja za wakati ule. Kwa hiyo ukisikia habari za dola tano mfukoni, kumbuka na hiyo bilioni.

Jambo la pili ndilo linalonivutia kuliko yote, na sisi tuna jina lake: mali kauli. Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo anaijua. Unachukua mzigo leo, hutoi hata shilingi, unalipa ukishauza. Hakuna hati ya nyumba wala mdhamini mwenye mhuri, kuna neno lako tu na jinsi watu wanavyokufahamu. Sasa Miami mali kauli iliingia benki.

Katikati ya miaka ya 1960 benki ndogo ndogo za Miami, baadhi zikiwa na mitaji ya matajiri wa Amerika ya Kusini, zilianza kuwaajiri mabenki wa zamani wa Havana. Waliwapa vyeo vidogo, lakini wakawaweka kwenye meza ya mikopo. Benki inayotajwa zaidi ni Republic National Bank, iliyoanzishwa mwaka 1965. Mkimbizi alikuja pale hana nyumba ya kuweka rehani na hana historia yoyote ya mikopo Marekani. Kwa benki ya kawaida mtu huyo hakopesheki. Lakini aliyekaa upande wa pili wa meza alimfahamu. Alijua kwamba huyu alikuwa na duka la vyuma Havana, alikuwa analipa madeni yake kwa wakati, baba yake alikuwa mtu wa kuaminika. Akampa mkopo kwa jina lake tu, mara nyingi kati ya dola 10,000 na 30,000. Luis Botifoll, wakili na mwanahabari wa zamani wa Havana aliyekuja kuwa mwenyekiti wa benki hiyo mwaka 1978, alikuwa mmoja wa vinara wa utaratibu huo. Mwanasosholojia Alejandro Portes, yeye mwenyewe mzaliwa wa Kuba, ameuchambua kwa kina, na kitu kinachojitokeza ni kwamba waliokopeshwa walilipa. Na wangekosaje kulipa? Wakopaji na wakopeshaji walisali kanisa moja na kunywa kahawa kibarazani pamoja. Ukidhulumu, kesho mji mzima umeshajua, na hukopesheki tena maisha yako yote.

Fedha zile zilifanya nini? Chukua ujenzi. Mafundi wa Kikuba walikuta vyama vya wafanyakazi wa ujenzi vimeshikwa na wenyeji wazungu ambao hawakutaka kuwaingiza. Basi fundi akanunua gari bovu la mizigo na vifaa, akaanza kugonga nyumba hadi nyumba kuomba kazi za kukarabati paa na kupaka rangi, kwa bei ya chini. Kutoka paa akaenda kwenye nyumba nzima, kutoka nyumba nzima akaenda kwenye mtaa. Mwaka 1971 makandarasi Walatino walikuwa wameshaunda chama chao. Mwaka huo huo Mas Canosa, muuza maziwa wetu wa zamani, aliimiliki kwa mkopo kampuni ndogo ya ukandarasi wa miundombinu ya simu. Mwaka 1994 kampuni hiyo iliungana na nyingine na kuitwa MasTec, ambayo leo ni moja ya kampuni kubwa za ujenzi wa miundombinu Marekani.

Au chukua kahawa. Familia ya Souto, iliyokuwa kwenye biashara ya kahawa tangu Kuba, ilianza Miami kwa kuuza kahawa mlango kwa mlango. Wateja walikuwepo tayari: watu laki kadhaa wasiotaka kunywa ile kahawa nyepesi ya Kimarekani. Mwaka 2011 familia hiyo iliuza biashara zake za kahawa kwa kampuni ya J.M. Smucker kwa dola milioni 360. Ukiangalia vizuri, soko la kwanza la Wakuba lilikuwa Wakuba wenyewe: duka la vyakula, duka la dawa, mgahawa kama Versailles uliofunguliwa na Felipe Valls mwaka 1971, daktari anayekuelewa ukimweleza maumivu kwa lugha yako. Fedha ya mshahara ilizunguka mikono mitatu minne ya jamii ile ile kabla haijatoka nje.

Jambo la tatu huwa halitajwi kabisa kwenye semina, labda kwa sababu anayesimulia ni mwanamume. Ni cherehani. Wenye viwanda vya nguo kutoka New York walihamishia kazi eneo la Miami na Hialeah kwa sababu walipata mafundi wa bei nafuu, na mafundi hao walikuwa wanawake wa Kikuba. Wengi wao huko Kuba hawakuwahi kuajiriwa. Mke wa wakili alishona mashati tangu asubuhi mpaka jioni, mume akakaa na vitabu vya Kiingereza kujiandaa na mitihani, bibi akalea watoto. Kwa hiyo daktari aliyerudi kuvaa koti jeupe mwaka 1966, koti lile kuna mtu alilishona kwa maana mbili. Ukisoma orodha ya wanaume maarufu wa Miami, jiulize kila mmoja alikula kwa mshahara wa nani miaka ile mitatu ya kwanza.

Haya, tuje kwenye jambo la nne, lugha. Mwaka 1963 shule ya msingi ya Coral Way ilianza kufundisha kwa Kiingereza na Kihispania kwa pamoja, watoto wa wenyeji na wa wakimbizi wakiwa darasa moja. Mwaka 1973 kaunti ilijitangaza rasmi kuwa ya lugha mbili. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 makampuni makubwa ya Kimarekani yaliyotaka kufanya biashara na Amerika ya Kusini yalianza kufungua ofisi zao za kanda hiyo Coral Gables, pembeni ya Miami. Kwa nini hapo na si New York? Kwa sababu hapo ungempata mhasibu anayejua vitabu vya Kimarekani na anayeweza kupiga simu Bogotá au Caracas akaongea kama mtu wa nyumbani. Mabenki ya kimataifa yakafuata. Ile lugha iliyokuwa kikwazo mwaka 1961 sasa ndiyo ikawa bidhaa. Machafuko ya nchi nyingine yakazidi kuleta wataalamu na mitaji: Wanikaragua baada ya mapinduzi ya mwaka 1979, Wakolombia, na katika karne hii Wavenezuela. Na tuseme ukweli wote, miaka ya mwisho ya 1970 na ya 1980 fedha za kokeini nazo zilipita kwenye benki na majengo ya mji huo.

Waswahili tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, wenyeji wa Miami walipona?

Inategemea unamuuliza mwenyeji gani. Wamarekani Weusi wa Miami walikuwa na mtaa wao wa biashara, Overtown, wenye hoteli, maduka na kumbi za muziki. Miaka ile ile ya 1960 Wakuba walipokuwa wanapewa posho na mikopo, barabara kuu mpya zilipitishwa katikati ya Overtown na maelfu ya wakazi wakahamishwa. Kati ya mwaka 1968 na 1980 wakala wa serikali kuu wa mikopo ya biashara ndogo ulitoa karibu nusu ya mikopo yake ya kaunti ya Dade kwa Walatino, huku Weusi wakipata sehemu ndogo sana. Mei 1980, polisi waliotuhumiwa kumpiga mpaka kufa Arthur McDuffie, Mmarekani Mweusi aliyekuwa na pikipiki, waliachiwa huru na baraza la wazungu watupu. Liberty City ikawaka moto, watu 18 wakafa. Ghasia zile zilianzia kwenye haki iliyonyimwa mahakamani, lakini ziliwaka juu ya kuni zilizokauka kwa miaka 20.

Miezi hiyo hiyo, kati ya Aprili na Oktoba 1980, Wakuba wengine wapatao 125,000 waliwasili kwa boti kutoka bandari ya Mariel. Wahaiti nao walikuwa wanafika Florida kwa mashua zao, wakikimbia utawala wa Duvalier. Serikali iliwahesabu Wahaiti kuwa watafuta riziki tu, na wengi waliwekwa kizuizini. Bahari ni ile ile na njaa ni ile ile, tofauti ni nani anakungoja ufukweni. Novemba mwaka huo wapiga kura wa kaunti, wengi wao wazungu waliochoka kusikia Kihispania, walipitisha sheria ya kukataza fedha za umma kutumika kwa lugha nyingine zaidi ya Kiingereza. Ilifutwa mwaka 1993, wakati huo Walatino wakiwa na kura za kutosha.

Na ile mali kauli ya benki? Ilikwisha karibu mwaka 1973. Waliokuja baadaye walikuwa mafundi, vibarua na wauzaji wadogo, ambao hakuna mtu wa meza ya mikopo aliyewahi kuwajua Havana. Uaminifu wao haukuwa mdogo. Tatizo ni kwamba hakukuwa na wa kuutolea ushahidi. Kumbe mikopo ile haikutolewa kwa kila Mkuba mwaminifu. Ilitolewa kwa waaminifu waliotoka tabaka moja na mkopeshaji. Hapo ndipo penye uzuri wa mali kauli na ndipo penye ubaya wake.

Msomaji wangu, sikuandika haya ili kuwanyang'anya Wakuba sifa yao. Walifanya kazi, tena kazi ngumu, na walivumilia kushushwa hadhi kwa namna ambayo wengi wetu wenye digrii tusingeivumilia hata mwezi mmoja. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba bidii peke yake ndiyo iliyojenga Miami. Fundi wa Haiti naye alikuwa na bidii. Mwenye hoteli wa Overtown alikuwa na bidii kabla Castro hajashuka mlimani. Walichokosa ni leseni, karatasi ya ukaazi, na mtu wa kusema benki, "huyu namfahamu, mpeni."

Kwa hiyo siku nyingine mkisikia kwamba mtaji ni wewe mwenyewe, mwulizeni msemaji maswali madogo mawili. Nani alikuwa amekaa kwenye meza ya mikopo? Na kwa nini alimfahamu huyu, yule hakumfahamu? Akijibu hayo vizuri, hapo ndipo tumpigie makofi.